Jinsi ya Kuamsha Rolls-Royce 20/25 Iliyolala Gereji Miezi Sita

Jumamosi moja mwezi wa tano nilipigiwa simu na kijana wa Tanga anayeendesha magari ya harusi hapa Uingereza. "Kaka, mlango umegoma. Bibi harusi yumo ndani, baba yake yuko nje anaangalia saa, na mpiga picha anacheka." Nikamuuliza swali moja: umeegesha wapi? Gurudumu moja la nyuma lilikuwa limepanda ukingo wa barabara. Nikamwambia alishushe gari polepole mpaka magurudumu yote manne yakae sawa chini. Mlango ukafunguka bila kuguswa na bisibisi.

Kila majira ya baridi yakiisha simu huanza, na maswali ni yale yale. Fundi, haliwaki. Fundi, gia inasaga. Fundi, breki hakuna. Safari hii nimeona niandike, ili nikipigiwa niseme: soma kwanza, kisha nipigie.

Nitazungumzia Rolls-Royce 20/25 kwa sababu ndiyo ninayoifanyia kazi mara nyingi, na ndiyo unayoweza kukutana nayo. Kati ya mwaka 1929 na 1936 zilitengenezwa 3,827, na hakuna Rolls-Royce nyingine ya kati ya vita viwili vya dunia iliyouzwa kwa wingi huo. Mengi humu yanafaa hata kwa Phantom II na magari mengine ya rika lake, ila kitabu cha gari lako ndicho kinachoamua, mimi nasaidia tu.

Jambo moja kabla ya kushika spana

Rolls-Royce pale Derby hawakuwa wakiuza gari zima. Waliuza chasi inayotembea: injini ya silinda 6 yenye ujazo wa sentimita za ujazo 3,669, gia boksi, ekseli, rejeta. Mteja ndiye aliyechagua fundi wa bodi: Hooper, Barker, Park Ward, Thrupp & Maberly, Gurney Nutting na wengineo. Huko aliketi na mchoraji, wakakubaliana umbo, ngozi ya viti, kitambaa cha dari, hata mahali pa kuwekea kioo cha mama kujitazama. Bodi ikaundwa kwa mkono, moja kwa mteja mmoja. Tafuta kibati kidogo kwenye kizingiti cha mlango wa mbele. Mara nyingi jina la aliyeiunda limeandikwa hapo.

Mifupa ya bodi hiyo ni mbao za eshi, mti wa Ulaya unaopindika bila kuvunjika. Juu yake limelazwa bati la alumini, likakunjwa kingo na kupigiliwa misumari midogo. Chini kuna chasi ya chuma, ndefu kama ngazi, nayo hujipinda kidogo kila unapopita shimo. Ndiyo iliyomfungia bibi harusi mlango: chasi ilijipinda, ikaivuta bodi, na mlango ukabanwa ndani ya fremu yake.

Kwa hiyo unaamsha vitu viwili. Chasi huamshwa kwa oili, petroli na umeme. Bodi huamshwa kwa macho, vidole na pua. Wengi hukimbilia injini, maana ndiyo yenye kelele. Mimi huanza na bodi. Gasketi ya injini utaagiza ikaja kwa posta. Nguzo ya mlango ikioza ni kufumua ubavu mzima wa gari, na rangi yote ya ubavu huo imekwenda.

Vitu vya kuwa navyo

- Kitabu cha maelezo cha gari lenyewe. Kama huna, soma namba ya chasi kwenye kibati chini ya boneti, kisha waandikie Rolls-Royce Enthusiasts' Club pale Paulerspury, Northamptonshire. Kumbukumbu za kiwandani za magari haya zinatunzwa huko, na nakala hupatikana kwa malipo.
- Mtungi wa kuzimia moto, uliokaguliwa, na uwe mkononi mwako. Ukiuacha ndani ya buti la gari linaloungua haukusaidii kitu.
- Tochi, kioo kidogo chenye mkono, na kadi ngumu kama kadi ya benki.
- Bisibisi nyembamba butu.
- Jeki, stendi mbili imara, na kabari nne za mbao.
- Petroli mpya, lita 10 zinatosha kuanzia, na faneli ndogo safi.
- Oili ya injini inayotajwa na aliyeikarabati injini hiyo. Muulize. Usikisie.
- Kipimo cha upepo wa tairi.
- Mtu wa pili. Hili ni la lazima kama mengine.

Tenga siku nzima. Ukipanga kuliamsha gari asubuhi ili liende harusini mchana, utakuwa wewe ndiye unayenipigia simu.

Hatua ya 1: Zunguka, usiguse kitu

Gari liwe limesimama sakafu iliyo sawa. Piga magoti uangalie chini. Tone la oili chini ya injini si msiba, magari haya hutoa jasho. Harufu ya petroli ni jambo jingine: ukiisikia, simama hapo hapo, fungua milango ya gereji, na usiguse swichi yoyote mpaka ujue inatoka wapi. Doa la maji chini ya rejeta liweke akilini, tutalirudia.

Hatua ya 2: Milango

Hapa nakaa muda mrefu, na wewe ukae.

Kwanza, milango ikiwa imefungwa, pitisha kadi kwenye upenyo unaouzunguka kila mlango. Upenyo uwe karibu sawa pande zote. Ukikuta kona ya juu imebanana na ya chini imeachana, mlango umeinama, na mlango hauinami pasipo sababu.

Sasa fungua mlango mmoja nusu. Shika ukingo wa chini, upande wa kitasa, unyanyue kidogo kwa vidole viwili kama unayepima uzito wa nazi. Tazama bawaba, usitazame mlango. Kama kipini cha bawaba ndicho kinachocheza, ni chuma kilichochakaa na fundi yeyote mzuri atakitengeneza. Lakini kama bawaba nzima inatembea pamoja na skrubu zake, ujue skrubu hazina mbao ya kushika. Nguzo imelainika. Usiendelee kufungua na kufunga mlango huo. Piga picha, muite fundi wa bodi za mbao.

Magari mengi ya aina hii yana milango inayofunguka kinyume, bawaba zikiwa nyuma. Kamwe usiufungue gari likitembea, hata polepole, hata "kidogo tu niufunge vizuri". Upepo unaingia kama kwenye tanga la jahazi, na mlango unang'oka na nguzo yake.

Hatua ya 3: Pua na vidole

Ingia ndani, funga mlango, keti, vuta pumzi. Gari zuri linanuka ngozi, sufu na nta. Likinuka uyoga au nguo zilizoanikwa ndani, kuna maji mahali.

Inua zulia la miguuni, gusa mbao ya sakafu kwa kiganja. Kisha chukua bisibisi butu, ubonyeze mbao mahali pasipoonekana: chini ya nguzo za milango, kizingiti, na nyuma pale mbao inapozunguka tairi. Mbao nzima hurudisha mkono. Iliyooza hupokea bisibisi kama mkate.

Kama gari lina paa la kuteleza, tafuta vitundu vya kutolea maji kwenye pembe za uwazi wake. Mabomba yake hushuka ndani ya nguzo. Mimina maji kidogo sana, nusu kikombe cha kahawa, kwenye kitundu kimoja, mwenzio akiwa chini anatazama. Yatoke chini ya gari ndani ya muda mfupi. Yasipotoka, yameingia ndani ya nguzo. Usimimine tena, zibua kwanza kwa waya laini wa plastiki. Nimeona gari ambalo rangi yake ungeweza kunyolea ndevu, na ndani nguzo imebaki unga. Chanzo kilikuwa jani moja kavu.

Angalia pia nondo wa sufu kwenye kitambaa cha dari na chini ya viti, na panya, ambao wanayapenda manyoya ya farasi yaliyojazwa ndani ya viti kuliko jibini. Kwa mnaotunza magari haya Mombasa, Unguja au Muscat, ongezeni bungua na mchwa. Ukiona vumbi laini la mbao sakafuni, dogo kama unga wa sembe, usilifagie kabla ya kutazama lilikotoka.

Hatua ya 4: Tairi na chini ya gari

Tairi la gari la harusi halichakai kwa kutembea, linakufa kwa uzee. Tafuta tarakimu nne ubavuni mwake: 2318 maana yake juma la 23 la mwaka 2018. Halafu tazama nyufa kati ya matuta. Weka upepo kwa kipimo cha kitabu.

Ukitaka kulinyanyua gari, jeki iwe chini ya ekseli. Isiwekwe chini ya bodi wala kizingiti, maana chini ya ile alumini inayong'aa kuna mbao tu. Milango yote ifungwe kabla ya kuanza kunyanyua, na isifunguliwe mpaka gari lirudi chini. Na ukilisukuma, sukuma kwenye magurudumu au kwenye chuma cha chasi nyuma. Madigadi, taa na nguzo za milango si mahali pa kusukumia.

Hatua ya 5: Maji na oili

Fungua kifuniko cha rejeta, kikiwa kimepoa. Kile chenye sanamu ya mwanamke mwenye mabawa, kazi ya Charles Sykes, kishike chini kwenye kifuniko chenyewe. Usimtumie dada huyo kama mpini. Maji yawe safi, yenye dawa ya kuzuia kutu. Yakiwa na rangi ya chai, injini inahitaji kusafishwa ndani kabla ya safari ndefu. Tope la kutu hupenda kukaa nyuma ya bloku, karibu na silinda ya sita, na huko ndiko joto huanzia huku kipimo kikikuonyesha kuwa mambo ni shwari.

Oili ya injini, pima. Ikiwa nyeusi tii au imekaa zaidi ya mwaka, badilisha sasa.

Oili ya gia boksi na difu ndiyo inayoumiza watu. Usiweke oili yenye alama ya GL-5 kwenye gia boksi ya gari hili. Dawa zake hula shaba, na ndani humo kuna vipande vya shaba. Duka litakuambia ni "bora zaidi". Ni bora kwa gari jingine.

Hatua ya 6: Zungusha injini kwa mkono

Swichi ya umeme imezimwa, gia iko huru, plagi zote sita zimetolewa. Tia matone machache ya oili safi kila silinda. Subiri, unywe chai.

Kisha shika hendeli ya mbele. Kidole gumba kiwe upande mmoja na vidole vingine, kisiizunguke hendeli. Leo plagi zimetoka na haitarudi kwa nguvu, lakini zoea sasa, siku nyingine mkono utajishika wenyewe hivyo. Vuta juu taratibu. Injini izunguke laini. Ukikutana na kizuizi kigumu, usilazimishe: valvu inaweza kuwa imeganda. Toa kifuniko cha juu, mwenzio azungushe kidogo kidogo, wewe utazame valvu zote kumi na mbili zikipanda na kushuka. Ile isiyorudi ndiyo mgonjwa wako.

Hatua ya 7: Petroli na Autovac

Petroli iliyolala tangu mwaka jana, imwage kwenye dumu na uitafutie matumizi mengine. Hapa Uingereza tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida pampuni ni E10, yenye ethanoli hadi asilimia 10, na ethanoli hunywa maji na kulainisha hozi na vizibo vya zamani. Chukua E5, yenye ethanoli isiyozidi asilimia 5.

Sasa swali linaloongoza kwa simu zote: "Nimepiga stata mpaka betri imekufa, petroli haifiki." Haifiki kwa sababu 20/25 haina pampu ya umeme kama ya gari lako la kila siku. Ina kopo liitwalo Autovac, limefungwa kwenye ukuta kati ya injini na dereva. Injini ikizunguka huvuta hewa kutoka kopo hilo, nalo huvuta petroli kutoka tanki la nyuma, kisha petroli hushuka yenyewe kwenye kabureta. Gari likilala, petroli ya ndani ya kopo huwa imeyeyuka. Kopo tupu, kabureta tupu, na stata peke yake haina mvuto wa kutosha.

Dawa yake ni dakika mbili: fungua kizibo cha juu cha Autovac, mimina kama nusu lita ya petroli kwa faneli, rudisha kizibo vizuri, fungua bomba la chini yake, halafu tazama kama kuna kinachovuja kuelekea kabureta. Futa kilichomwagika na usubiri kikauke kabla ya kugusa umeme.

Hatua ya 8: Betri

Gari ni volti 12. Thibitisha kwa kitabu na kwa waya zilivyo ni upande upi unaokwenda kwenye chasi, maana wakarabati wengine wamegeuza. Usiunganishe kwa mazoea.

Hatua ya 9: Kuwasha

Rudisha plagi. Katikati ya usukani kuna vijimkono. Kimoja cha umeme wa plagi: kipeleke upande wa LATE. Kingine cha mchanganyiko wa petroli: kipeleke upande wa STRONG, kwa kuwa injini ni baridi. Cha tatu kinashika mafuta badala ya mguu: kifungue kidogo tu.

Piga stata sekunde tano hivi, pumzika, rudia. Likishika, acha kila kitu kwa muda, tazama kipimo cha oili. Sindano inapaswa kuinuka ndani ya sekunde chache. Injini hizi hazina presha kubwa kama za sasa, kwa hiyo usishtuke namba ikiwa ndogo, shtuka isipoinuka. Hapo zima mara moja.

Sindano ikiinuka, sogeza umeme kuelekea EARLY, na kadiri injini inavyopata joto punguza mchanganyiko kidogo kidogo. Utasikia inavyolainika. Injini hii ikitulia unaweza kusikia saa ya dashibodi ikigonga.

Hatua ya 10: Klachi na breki, ndani ya uwanja

Kanyaga klachi, jaribu kuingiza gia ya kwanza. Ikisaga na kukataa kabisa, huenda sahani ya klachi imeshikana na gurudumu la injini kwa kutu. Zima injini, kanyaga pedali mpaka chini, ibane kwa kipande cha mbao, uiache usiku kucha. Mara nyingi asubuhi imeachia. Kama bado, ita fundi.

Breki sasa, na hapa unisome taratibu. Breki za 20/25 ni za vyuma na fito, hazina maji ya breki. Nguvu zake hukuzwa na sahani ya msuguano inayozungushwa na gia boksi. Ubunifu huo Rolls-Royce waliuchukua kwa leseni kutoka Hispano-Suiza, na ulikuwa bora kuliko wa karibu kila mtu wakati huo. Lakini sahani huzunguka gari likitembea tu. Gari likisimama, msaada haupo, umebaki na mguu wako. Kwenye mwendo wa kutambaa nao unachelewa kidogo kushika.

Hilo nililijifunza kwenye kilima kidogo karibu na kituo cha mafuta. Nimesimama, mguu kwenye breki, najiona bwana mkubwa, nikaona duka linasogea mbele. Kumbe mimi ndiye ninayerudi nyuma. Nililigonga pipa la taka la watu na nikalilipia. Tangu siku hiyo, gari likisimama mkono wangu uko kwenye breki ya mkono kabla ya kingine chochote. Yenyewe ina viatu vyake pekee kwenye magurudumu ya nyuma na inashika vizuri sana.

Jaribu breki mara kumi uwanjani, mwendo wa mtu anayetembea, ukisikiliza kama gari linavuta upande mmoja.

Hatua ya 11: Safari ya kwanza

Kilomita 5, barabara tupu, mwenzio nyuma na gari jingine.

Gia iko mkono wa kulia, kati yako na mlango. Magari ya mwaka 1932 kuendelea yana sinkromeshi, kifaa kinacholinganisha mwendo wa gia ili ziingie bila kusaga, kwenye gia ya tatu na ya nne. Gia za chini, na gia zote za magari ya mwanzo, zinakutegemea wewe. Kupanda: kanyaga klachi, toa gia iwe huru, achia klachi, hesabu moja, kanyaga tena, ingiza. Kushuka: ni hivyo hivyo, ila gia ikiwa huru na klachi umeiachia, gusa mafuta kidogo ili injini ipande mwendo, ndipo ukanyage na kuingiza. Usisukume kwa bega. Shika mpini kwa vidole vitatu. Gia ikiwa tayari itaingia kama kijiko kwenye asali.

Kilomita 70 kwa saa ni mwendo wake wa heshima. Linaweza zaidi, lakini breki ni zile nilizokuambia.

Usikilize bodi. Mlio mwembamba kwenye kona, kama kitanda cha kamba, ni mbao inayosuguana na kiungo chake, na ukiwa mdogo ni kawaida. Mgongano mzito unaofuata kila shimo si kawaida.

Hatua ya 12: Kulifuta

Usitumie mashine ya maji ya presha. Maji hupenya chini ya mikanda ya urembo, yakaingia kwenye mbao, na huko hayana njia ya kutoka. Ndoo, flana iliyokamuliwa, kitambaa kikavu, halafu milango iachwe wazi saa moja.

Na tafadhali: zile taa kubwa za Lucas P100, kioo chake cha ndani kimepakwa fedha halisi. Usikiguse kwa kidole, usikipige brasso. Kijana mmoja alikisugua cha kushoto mpaka kikatoa shaba, halafu akasugua na cha kulia ili vifanane.

Wenye mpango wa kupeleka gari Africa Concours d'Elegance, yale mashindano ya utunzaji wa magari pale Ngong Racecourse, Nairobi, msiishie kwenye rangi. Chini ya gari nako kunatazamwa.

Likikataa

*Stata inazunguka, haliwaki.* Rudi Autovac kwanza. Ikiwa na petroli, toa plagi moja: ikiwa kavu, kabureta haipati, ikiwa imelowa, umezidisha mchanganyiko, kausha plagi na ujaribu ukiwa umerudisha kijimkono upande wa WEAK.

*Linakatakata mlimani, tambarare liko sawa.* Ukikanyaga mafuta muda mrefu mvuto wa Autovac unapungua na kopo linaisha. Ondoa mguu sekunde chache ili lijae, endelea. Likizidi, kuna hewa inayoingia kwenye kizibo au kwenye bomba lake.

*Linachemka.* Tazama shata, vile vibao vya kupitisha hewa mbele ya rejeta, kama zimefunguka. Magari ya mwanzo dereva huzifungua kwa mkono, na dereva husahau. Ya baadaye yana thamostati, nayo huganda. Kama zimefunguka, ni lile tope la nyuma ya bloku. Usifungue kifuniko kikiwa moto.

*Halitaki kuwaka likiwa moto, hasa kwenye joto kali.* Petroli imegeuka mvuke njiani. Fungua boneti pande zote mbili, subiri robo saa. Hakuna ujanja mwingine barabarani.

*Unga mweupe kando ya skrubu au ukingo wa bati, rangi inavimba.* Chuma na alumini vimekutana na maji. Usipake rangi juu. Kitafutwe kinachoingiza maji kwanza.

*Mlango umegoma.* Umeegesha wapi?

Ukilirudisha kulala

Funga bomba la petroli chini ya Autovac injini ikiwa inazunguka, uiache ijizime yenyewe kwa kumaliza kilichomo kwenye kabureta. Zima swichi, tenganisha betri. Weka kabari kwenye magurudumu, kisha achia breki ya mkono, viatu visije vikagandana na ngoma. Kipande cha mbao kwenye klachi. Turubai liwe la pamba linalopumua, la nailoni hutunza unyevu. Na sakafu iwe sawa, magurudumu yote manne.